Yoga ukubwani: namna wastaafu na watu wa makamo wa Unguja na Pemba wanavyoweza kuianza

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Uzi huu nauandika kwa ajili ya wenzangu waliokwisha kustaafu au wanaokaribia, hasa akina mama wa hapa Visiwani, ambao wakisikia yoga huiona ni jambo la wageni wa hotelini Paje, Jambiani na Nungwi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli ya sekondari, mkaazi wa Ng'ambo, na yoga nimeianza baada ya kutimiza miaka 60. Ninachotaka kukieleza ni kwamba faida kubwa ya yoga kwa mtu mzima ni kuujua mwili alionao sasa, na kupitia mwili huo kuijua nafsi yake, ambayo kwa miaka mingi ya kazi, ulezi na pirikapirika hakupata nafasi ya kuitazama. Mengine yote, ya presha, ya magoti na ya usingizi, yanafuata nyuma ya hilo.

Nianze na ukuta, kwa sababu ndipo ninapomwanzishia kila mwenzangu anayeniuliza. Simama miguu mitupu, visigino vikiwa karibu na ukuta, halafu acha makalio, mabega na kisogo vifike pale vinapoweza kufika bila ya kulazimisha. Usifanye jambo jingine. Vuta pumzi na kuitoa polepole, na usikilize ni wapi mwili unagusa ukuta na wapi haugusi. Mimi nilikuta bega la kulia limetangulia mbele ya la kushoto, na nikaelewa mara moja kwamba hiyo ni miaka yote ya kuandika ubaoni kwa mkono ulioinuliwa. Nilikuta uzito wangu wote nimeuegemeza mguu mmoja, meno yameumana, na pumzi nimeishikilia juu ya kifua kama mtu aliyesimama nje ya ofisi akisubiri kuitwa na mkubwa wake. Daktari alikuwa ameniambia nina presha, watoto wangu walikuwa wakilalamika kwamba nina hasira za karibu, na mimi mwenyewe nilijua kwamba silali vizuri; lakini pale ukutani ndipo mambo hayo yaliyokuwa mbalimbali yalipokutana, nikaona kwamba ni jambo moja lenye nyuso tatu.

Kustaafu kuna mtihani wake ambao hatuuzungumzi vya kutosha. Mtu aliyeitwa mwalimu, karani, muuguzi au nahodha kwa zaidi ya nusu ya umri wake huamka asubuhi moja akakuta hakuna kengele, hakuna faili na hakuna anayemsubiri. Mwenye mume au mke aliyetangulia mbele ya haki hukuta ukimya mwingine juu ya ule. Wengi wetu tunaujaza ukimya huo kwa redio, simu na wajukuu, na hakuna ubaya katika hayo, ila nafsi inabaki pale pale ikisubiri kusikilizwa. Yoga, katika maandishi ya kale yanayonasibishwa na Patanjali, mwanazuoni wa kale wa India, ina sehemu nane, na mikao ya mwili ni sehemu moja tu kati ya hizo. Sehemu ya kwanza kabisa inahusu tabia, na ndani yake linaanza suala la kutodhuru. Nimelipenda sana pendekezo hilo kwa umri wetu, kwa sababu mtu mzima anayeanza mazoezi ana mtu mmoja aliye karibu zaidi kudhuriwa naye, nalo ni goti lake mwenyewe, na akijifunza kuliheshimu goti lile atajifunza pia kusema "leo siwezi" mbele ya watu, jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kulisema tukiwa kazini.

Wengi hudhani yoga wanayoiona leo, ya mikao mingi ya kusimama na kujipinda, imeteremka vilevile tangu zama za kale. Elimu yenyewe ni ya kale sana, lakini sura yake ya darasani imejengwa kwa kiasi kikubwa katika karne ya 20. Mwalimu mkubwa wa zama hizo, Krishnamacharya (1888–1989), alifundisha Mysore kusini mwa India katika miaka ya 1930, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo B.K.S. Iyengar (1918–2014) na Indra Devi (1899–2002). Huyu Iyengar ndiye wa kutuhusu sisi. Utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa, akapitia malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, na mwili wake ulikuwa mgumu na dhaifu alipoanza kujifunza. Alipokuwa mwalimu alileta viti, mikanda, vigogo vya mbao na mito darasani, ili mtu ambaye mwili wake haufiki afikishiwe sakafu pale alipo. Wanaosema yoga ni ya vijana wenye viungo laini wasome habari za wanafunzi wake. Vanda Scaravelli wa Italia alijifunza kwake akiwa tayari ni mtu wa makamo, akawa mwalimu anayeheshimiwa hadi uzeeni. Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, aliyezaliwa mwaka 1876, alifundishwa na Iyengar akiwa amekwisha kupita miaka 80.

Vifaa hivyo vya Iyengar tunavyo majumbani mwetu, na hili napenda lieleweke ili pasiwe na anayekaa akisubiri fedha za kununua vitu vya dukani. Kanga iliyokunjwa kwa urefu ni mkanda mzuri kuliko mikanda mingi inayouzwa: lala chali, pitisha kanga chini ya unyayo mmoja, shika ncha zake mbili na uinue mguu juu kadiri unavyokubali, goti likiwa limelegea kidogo. Baraza la mawe la nje ya nyumba lina urefu unaofaa kwa kuegemeza viganja na kurudi nyuma mpaka mgongo unyooke, bila ya kulazimika kufika chini. Kiti cha kulia chakula kinatosha kwa nusu ya mazoezi yote. Mkeka wa ukili ni mzuri kwa kukaa na kulala, lakini juu ya sakafu ya marumaru unateleza, kwa hiyo mikao ya kusimama ifanywe sakafuni kwa miguu mitupu, karibu na ukuta. Nguo ni suruali pana chini ya dera, basi, na mlango ukafungwa.

Kuna jambo ninaloliona kila ninapokwenda upande wa kusini mashariki, na linanigusa. Kilimo cha mwani kilianza hapa Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na tangu hapo mabega yanayokibeba ni ya wanawake. Bamvua likifika na maji yakatoka, mama huingia na kamba zake na vigingi, akainama kuanzia kiunoni huku magoti yamenyooka, akafunga mbegu moja baada ya nyingine mpaka maji yanapoanza kujaa. Ufukweni hapo hapo, hatua chache tu, wageni wamejipanga kwenye mikeka yao wakifundishwa kuunyoosha mgongo uliochoka kwa kukaa ofisini Ulaya. Maarifa yale yamefika kijijini, yako umbali wa sauti ya kuita, na yule ambaye mgongo wake unayahitaji zaidi hayajamfikia. Wapo wanaosema kwamba mtu wa shamba au wa mwani hana haja ya mazoezi kwa sababu kazi yenyewe ni mazoezi. Kazi humpa mtu nguvu, ni kweli, lakini humrudisha katika pindo lile lile kila siku, na mwili unahitaji pia kupelekwa upande wa pili.

Kuhusu pumzi, nieleze kidogo kwa sababu ndiyo roho ya jambo lote. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akizipunguza zikawa kama sita kwa dakika, na akairefusha zaidi ile ya kutoa kuliko ya kuvuta, mapigo ya moyo hupungua kila anapotoa pumzi, na ule mfumo wa neva unaotuliza mwili hupata nafasi ya kufanya kazi yake. Presha inaweza kushuka kwa kiasi fulani kwa mtu anayeshikamana na zoezi hili. Vidonge visiachwe kwa sababu hiyo. Nasisitiza kwa kuwa najua tabia yetu ya kuacha dawa tukijihisi tumepata nafuu: dawa huongezwa au kupunguzwa na daktari, na kazi ya yoga ni kumsaidia daktari huyo.

Tahadhari nyingine ni hizi. Mwenye presha ya juu isiyodhibitiwa na mwenye presha ya macho wasiweke kichwa chini ya usawa wa moyo, yaani wasisimame kwa kichwa wala wasiiname na kubaki chini muda mrefu, na wasizuie pumzi. Mwanamke ambaye mifupa yake imekwisha kupungua nguvu baada ya kukoma hedhi asijikunje kwa kuuviringa mgongo mbele kwa nguvu, kwa kuwa pingili zinaweza kuvunjika. Ainame kuanzia nyongani, kifua kikiwa kimenyooka. Mwenye kisukari anayechoma sindano apime kabla ya kuanza na awe na kitu kitamu karibu. Na kila aliyelala chali asinyanyuke ghafla: ageuke kwanza ubavu wa kulia, atulie, kisha ajisukume kwa mikono akae, ndipo asimame.

Karibuni tuzungumze.

Mchangiaji kutoka Wete:

Waalaykum salaam, mwalimu. Nimeusoma uzi wote kwa makini na nimefaidika, lakini nina dukuduku ambalo naamini si langu peke yangu. Yoga asili yake ni katika dini nyingine, na nimepata kusikia kwamba kuna nchi za Kiislamu ambazo wanazuoni wake waliikataza moja kwa moja. Mimi ni mtu wa msikitini, nina umri wa kukaribia wako, na magoti yangu yamenifikisha mahali ambapo sala naisali juu ya kiti. Nisingependa kutafuta afya ya magoti nikaharibu kile ambacho magoti yenyewe nayatakia. Naomba unifafanulie bila ya kuficha.

Mwanzisha uzi:

Ndugu yangu, suali lako ni la haki, na mimi mwenyewe nililiuliza kabla ya kutandika mkeka.

Nchini Malaysia, Baraza la Taifa la Fatwa liliikataza yoga kwa Waislamu mwaka 2008, na msingi wa katazo ulikuwa ni kule kuchanganyika kwa mazoezi na maneno ya ibada. Waziri Mkuu wa wakati huo akafafanua baadaye kwamba mazoezi ya mwili yasiyo na maneno hayo hayana kizuizi. Baraza la Maulamaa la Indonesia mwaka 2009 lilipita njia ya kutenganisha: yenye ibada na maneno ya dini nyingine ni haramu, na iliyo mazoezi matupu inaruhusiwa. Saudi Arabia nayo, Novemba 2017, iliitambua yoga kuwa ni shughuli ya michezo. Hata India kwenyewe, ilipoadhimishwa Siku ya Kimataifa ya Yoga kwa mara ya kwanza tarehe 21 Juni 2015, mfululizo wa mikao ya kulisalimia jua uliondolewa katika programu rasmi baada ya Waislamu wa huko kuulalamikia. Utaona kwamba mpaka unaochorwa na wengi uko mahali pamoja.

Mimi nimejiwekea mpaka huo huo. Sitamki neno lolote la ibada isiyo yangu, mfululizo wa kulisalimia jua siufanyi, sikunji viganja mbele ya kitu chochote, na pumzi zangu nikitaka kuzihesabu nazihesabu kwa tasbihi. Amali hutegemea nia, na nia yangu naijua. Pamoja na hayo mimi si mufti, kwa hiyo mweleze sheikh wako unachokusudia kukifanya, zoezi kwa zoezi, kwa kuwa ukimtajia jina tupu la yoga atakujibu kuhusu jina.

Ama magoti, hapa nakuelewa kuliko unavyodhani. Sala ni ibada na siilinganishi na zoezi lolote, lakini inafanywa kwa kiwiliwili hiki, na nimewaona wazee wengi ambao huzuni yao kubwa si maumivu, ni kukosa kuweka paji la uso chini. Na mimi nilisali juu ya kiti kwa muda. Nilianza kwa kukaa kitini na kunyoosha goti moja moja, kisha kupiga magoti mbele ya kiti nikiegemea viganja, na mto chini ya magoti. Baadaye nikajaribu kukaa juu ya visigino huku nimeweka kanga iliyokunjwa mara nyingi kati ya visigino na makalio, na kila mwili ulipokubali nikapunguza mkunjo mmoja. Sasa nasujudu chini, alhamdulillahi, na kwenye tahiyatu bado naweka mkunjo siku ambazo goti limevimba. Kwako wewe huenda njia ikawa ndefu au fupi zaidi, na ikiwa gegedu la goti limekwisha kabisa, kiti ni rukhsa uliyopewa, usiione aibu.

Mchangiaji, mtaalamu wa fiziotherapia, Mjini Unguja:

Nampongeza mwanzisha uzi kwa tahadhari alizoziweka, kwani kazini kwangu napokea watu walioumia kwa kuiga video za simu. Ninaomba kuongeza mambo mawili.

La kwanza ni kwamba yoga ya taratibu peke yake haimtoshelezi mtu wa umri huu. Misuli huanza kupungua tangu mtu akiwa na miaka ya 30, na kasi huongezeka baada ya 60. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa waliofikia miaka 65 unaongeza mazoezi ya mizani na ya nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki. Kutembea kwa hatua za haraka lazima kuwemo. Zoezi la kunyanyuka kitini na kukaa tena bila ya kutumia mikono lisidharauliwe, kwa sababu ndilo linalomwezesha mzee kwenda chooni mwenyewe.

La pili ni kuhusu kiuno. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2017, kimeiweka yoga miongoni mwa njia za kuanzia katika maumivu ya kiuno ya muda mrefu, kabla ya kukimbilia dawa. Lakini maumivu yanayoteremka mguuni pamoja na ganzi, udhaifu wa mguu au kushindwa kuzuia haja, hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Mwanzisha uzi:

Nashukuru sana kwa nyongeza hiyo, nami nakubaliana nayo yote. Hapa kwetu utamaduni wa kutembea na kukimbia kwa vikundi tunao, na kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi vya Unguja na Pemba hukutana kuadhimisha Siku ya Mazoezi. Tatizo ninaloliona ni kwamba mzee anayejiunga na kikundi cha aina hiyo huburutwa na kasi ya vijana, akaacha baada ya muda mfupi. Natamani kila kikundi kiwe na safu ya nyuma iliyotambuliwa rasmi, yenye kiongozi wake, ambayo ikimaliza kutembea inakaa kivulini na kufanya mikao ya mizani na pumzi.

Mchangiaji kutoka Jambiani:

Shikamoo mwalimu. Mimi ni katika hao wa mwani uliowataja, na mama yangu pia. Tukitoka baharini tunapika, hatuna saa nzima ya kukaa kwenye mkeka. Tuambie kitu kifupi tu cha kufanya.

Mwanzisha uzi:

Marahaba mwanangu, na umpe mama salamu zangu.

Mukiwa bado baharini, kila munapomaliza kamba moja simameni wima, wekeni viganja nyuma ya kiuno, vidole vikitazama chini, na musukume nyonga mbele kidogo huku kifua kikifunguka, kwa pumzi tatu au nne. Kuinama nako kubadilisheni: kunja magoti, tanua miguu, mkono mmoja ukae juu ya paja ubebe uzito wa kifua. Mukifika nyumbani, kabla ya kuwasha moto, laleni chali sakafuni na mupandishe miguu kuanzia magotini juu ya kiti au kitanda, ili kiuno kilale chini chote. Bakini hapo kwa muda wa dakika tano, mukitoa pumzi ndefu kuliko munayovuta. Kisha teremsheni miguu, nyayo zikae chini na magoti yakiwa yamekunjwa, inueni makalio polepole na kuyarudisha, mara chache tu. Mama asiyeweza kushuka sakafuni afanye yote hayo juu ya kitanda kigumu.

Na ikiwa kwenye hoteli ya jirani yupo mwalimu wa yoga, nendeni wanawake kadhaa pamoja mukamwombe awafundishe siku moja kwa wiki wakati maji yamejaa, kwa kuwa saa hizo nanyi hamuna kazi baharini. Kabla ya kuanza mwulizeni kama amewahi kufundisha watu wenye presha na maumivu ya kiuno, na mumweleze wazi kwamba munataka mazoezi na pumzi bila ya maneno ya ibada. Akikubali yote mawili, mpelekeeni na mama.